Upande wa Kulia wa Mkorosho

Rosalia Damiani,
Kibanda cha mihogo, geti la chuo,
Lindi Mjini.

12 Novemba 2024

Mpendwa mdogo wangu Erasmo,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo, mwanaume wa baridi? Wifi yangu Veronika hajambo? Na watoto, wanamkumbuka shangazi yao au wameshanisahau? Kile kikohozi chako cha vumbi la mbao kimepona? Ulisema huko kiwandani mmepewa vitambaa vya kufunga puani. Kifunge, Erasmo, usione aibu ya watu. Mapafu hayashonwi.

Sisi huku kwa miili hatujambo. Mama yupo Milola, mguu wake ule unamsumbua asubuhi, jua likishatoka anatembea mwenyewe mpaka kisimani na kurudi akilalamika. Joto la Lindi mwezi huu hata kuku wanahema. Mimi nipo na kibanda changu cha mihogo, na Ijumaa nafunga mapema nakwenda Milola kumsaidia Mama korosho mpaka Jumapili. Mwili mzima. Lakini moyo hauko sawa, ndiyo maana nimekaa na kalamu saa hizi za mchana wateja wamepungua, mimi niliyeishia darasa la nne, mkono wangu unajua mwiko kuliko kalamu. Ukikuta herufi zimelala usinicheke.

Utauliza kwa nini sikupigi simu. Kwanza huko msituni kwako simu inashika Jumapili tu ukishuka Mafinga mjini. Pili, jambo hili nikilisema kwa mdomo nitalia. Tatu, nimeshalisema kwa mdomo mara moja, na huo mdomo ndio ulionifikisha hapa. Barua hii nampa yule yule dereva wa lori la mbao aliyeniletea yako ya mwezi wa nane. Ameniapia ataifikisha kabla ya Jumapili.

Ni habari ya mpwa wako, Dativa. Usishtuke, haumwi, hana mimba, hajafukuzwa chuo. Yupo mwaka wa pili wa ualimu, anasoma vizuri. Ni habari ya mpira wa kikapu.

Unajua anachezea timu ya wasichana ya chuo. Wanajiita Pweza, eti kwa sababu wakizuia, adui haoni pa kupita, mikono kila mahali. Mwaka huu ligi ya vyuo vya huku kusini wameikimbiza kweli. Imebaki mechi moja, tarehe 30 mwezi huu, Jumamosi, hapa hapa Lindi, na wasichana wa chuo cha Masasi. Atakayeshinda ndiye bingwa. Basi mji umekuwa kama umepandwa na kitu. Watu ambao mwaka jana walikuwa hawajui kikapu kinafungwa kwa juu au kwa chini, leo wote makocha.

Na makocha wote hao wanakula mihogo kwangu. Wakuu wao ni watatu. Yupo Valerian wa bodaboda, kijana mwenye sauti kama anaita abiria hata akiwa anakuamkia. Yupo Bakary fundi viatu, mtu mzima, mpole, lakini akishika hoja haachii. Na yupo Antonia, mlinzi wa geti la chuo, mama mwenzangu, yeye kila mechi anaisimamia mstari wa mbele na kirungu chake mkononi. Kila asubuhi wanakaa kwenye benchi langu wanaipasua timu vipande vipande kama samaki wa kukaanga.

Bakary anasema nguvu ya Pweza ni Stella, yule msichana mrefu wa Kilwa, kila mpira unaogonga ubao ni wake. Valerian anasema Stella nguvu yake ni mpaka robo ya tatu tu, robo ya nne anasimama kama nguzo ya umeme, tena ile iliyokatika waya. Antonia anasema shida ni mitupo ya adhabu, mtu amesimama peke yake, hakuna anayemsumbua, na bado anakosa. Wanazungushana hivyo mpaka chai inapoa. Halafu wote watatu, kama wamekubaliana, wanafika kwa Dativa.

Maana Dativa ndiye anayefunga. Hilo hakuna anayelipinga. Lakini wanasema ana upande mmoja. Akipata mpira anakwenda kushoto. Kushoto, kushoto, kila siku kushoto. Ukimziba kushoto anasimama, anageuka, anatoa pasi nyuma. Kulia kwake kuko wazi uwanja mzima, hapiti.

Valerian alisema, "Mama Dativa usikasirike, lakini mwanao anaendeshwa kama pikipiki yenye usukani uliopinda. Ukitaka kwenda sokoni, unajikuta hospitali."

Antonia akamrukia. "Wewe unayemsema, kilima cha hospitali tu abiria wako anashuka anakusaidia kusukuma!"

Watu wakacheka, na mimi nikacheka kwa nje. Ndani nilikuwa naungua. Sasa wewe niambie, Erasmo, utakaaje na watu wanamsema mtoto wako kila siku ya Mungu, na wewe ndiye unayewapakulia? Wiki ya kwanza nilinyamaza. Ya pili nikawa nampunjia Valerian pilipili. Ya tatu sikuweza tena.

Ilikuwa mwishoni mwa mwezi wa kumi, siku Pweza walipocheza hapa na chuo kimoja cha Mtwara wakashinda kwa taabu. Wakaja wote kibandani, na kwenye benchi alikuwepo mgeni, kaka mmoja wa makamo, kofia ya kijani, mtu wa adabu. Aliniamkia shikamoo mama, akanawa, akala sahani mbili, akasifu kachumbari. Valerian akaanza wimbo wake wa upande mmoja. Bakary naye akasema pengine mtoto ana kasoro ya jicho la kulia, apelekwe akapimwe.

Jicho! Mtoto niliyemzaa mimi, macho yake mazima kama ya kunguru! Hapo nikaweka mwiko chini. Nikawaambia, nyinyi hamjui kitu, huyu hana kasoro, huyu amefundishwa mpira na mjomba wake nyumbani Milola, chini ya mkorosho, kwa ringi ya baiskeli. Na upande wa kulia wa ule mkorosho ndiko kwenye jua, ndiko ninakoanika. Korosho zikiisha naanika makopa ya muhogo, makopa yakiisha naanika ufuta. Mwaka mzima kulia kuna chakula cha watu, na mimi nilikuwa sitaki mguu wa mtoto pale. Ndiyo maana amezoea kushoto. Ni adabu hiyo, nikawaambia, siyo kasoro.

Nilijisikia vizuri, nisikudanganye. Yule mgeni akatikisa kichwa taratibu, akaniuliza, "Kwa hiyo mama, hata leo akilazimishwa kwenda kulia, hapendi?"

Ameniuliza kwa heshima, na ni mgeni, na amekula kwangu. Nikamjibu. Nikamwambia hapendi kabisa, mpira wenyewe unamkimbia mkononi. Nikamwongezea na chai.

Erasmo, yule alikuwa msaidizi wa kocha wa Masasi.

Tarehe 2 wakaenda kucheza Masasi. Mimi nilikuwa Milola na korosho, Antonia alikwenda na basi la mashabiki. Alinipigia saa kumi na moja jioni, nikajua kwa jinsi alivyovuta pumzi. Walifungwa hamsini na nane kwa arobaini na moja, na kwenye benchi la Masasi alikaa yule yule kofia ya kijani. Kila Dativa akishika mpira wasichana wawili walimsimamia kushoto, wakamwachia kulia kama wamemfungulia mlango. Akipita kulia, mpira unamtoka. Lakini hilo siyo lililoniua. Lililoniua ni kwamba mashabiki wao walikuwa wanaimba. Uwanja mzima, "Korosho! Korosho!" Na yule msichana aliyekuwa anamkaba alikuwa anamwambia sikioni, "Pita kulia dada, zimeshaanuliwa!"

Mpaka sasa ukipita mjini na fulana ya chuo watoto wanakuita Korosho.

Jumatatu yake Dativa alikuja kibandani. Kawaida kila jioni anatoka bwenini anakuja kula kwangu, ananisimulia ya darasani, ananisaidia kuosha sufuria. Siku hiyo hakukaa. Alisimama mbele ya watu wote akaniuliza, "Mama, habari za korosho umemwambia nani?"

Sikuweza kudanganya. Nikasema nilikuwa nakutetea mwanangu.

Akaniangalia. Hakupaza sauti, afadhali angepaza. Akasema, "Kumbe kocha wao ni mama yangu." Akaondoka bila kula. Chakula chake nilikuwa nimeshakifunika, samaki wa nazi anaompenda. Kilikaa pale mpaka nikampa Antonia.

Tangu siku hiyo leo ni siku ya nane. Simu hapokei. Nikimtuma Antonia amwite getini, anasema ana mtihani. Nimekwenda bwenini na kontena la chakula, limerudi na jibu la wenzake, asante mama, Dativa hayupo. Hayupo, na mimi namwona kabisa dirishani. Nakueleza ilivyo, mdogo wangu, nina hasira, na sijui nizipeleke wapi. Nina hasira na yule kofia ya kijani aliyekula chumvi yangu. Nina hasira na Valerian na mdomo wake. Nina hasira na Dativa pia, mtoto gani anamnunia mama kwa ajili ya mpira? Halafu nikishamaliza kuwahesabu wote, nabaki mimi.

Unafikiri yale makocha yangu yamekoma? Thubutu! Sasa ndiyo wamepata la kusema. Kocha wa kweli wa Pweza, bwana Nurdin, ameshasema tarehe 30 ataanza na Salome, msichana wa mwaka wa kwanza, Dativa akae benchi. Basi jana asubuhi benchi langu liligawanyika.

Valerian anasema ni sawa, Salome hana mabao mengi lakini anapita kote kote. Bakary anasema ukimwacha Dativa nje umewapa Masasi usingizi, maana hata wakijua anakwenda kushoto bado watatumia watu wawili kumzuia, na hao wawili ni nafasi kwa Stella. Valerian akamwambia, "Mzee Bakary, na Stella akichoka robo ya nne nafasi hiyo utaicheza wewe na gundi yako?" Bakary akamjibu bila hata kuinua macho kwenye kiatu, "Nitaicheza. Nawe utanipeleka uwanjani, kama pikipiki itawaka."

Mimi nikawaambia, kuleni mihogo yenu mwondoke. Wakashtuka. Antonia akawaambia, "Nyie hamwoni mwenzenu anavyoumia?" Bakary akaniomba radhi. Valerian akainama kwenye sahani. Baadaye, alipokuwa ananawa, akasema kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo, "Mama Dativa, si angezoea tu kulia? Wiki mbili zipo. Mtu anazoea."

Akaenda zake. Na mimi, Erasmo, maneno hayo yalinikuta nimeshaanza kuyafanya.

Maana Ijumaa iliyopita nilipofika Milola nilikaa kwenye kizingiti nikaangalia ule uwanja wetu. Ringi uliyofunga bado ipo. Imeshika kutu, na mti umekua mpaka umeimeza waya, haitoki tena hata kwa shoka. Kushoto kumekanyagwa mpaka udongo umekuwa mgumu kama sakafu, majani hayaoti mpaka leo. Hizo ni nyayo za mtoto mmoja. Na kulia turubai limetandazwa, korosho zimejaa, kama miaka yote.

Nikakumbuka siku ile. Na wewe najua unaikumbuka, ila kwa huruma yako hujawahi kuniambia. Dativa alikuwa na miaka tisa. Mpira ulimponyoka ukaenda kulia, akaufuata mbio, akaingia katikati ya korosho zangu, akazitawanya mchangani. Nilimchapa. Halafu nikamkalisha chini aziokote moja moja na kuzipangusa mchanga, mchana kutwa, mikono midogo ile. Wewe ulikuwa umesimama pale na mpira kwapani. Uliniambia, "Dada, hamisha korosho." Neno hilo moja. Na mimi nikakujibu mbele ya mtoto, "Mpira utaliwa?"

Mwezi uliofuata ukaondoka kwenda kutafuta kazi za mbao. Sikukuuliza kama ulikuwa na kinyongo. Niliogopa ungesema ndiyo.

Sasa kwetu unajua, mtoto akigombana na mama yake, mwenye neno ni mjomba. Mama akisema sana anaonekana anajitetea. Mjomba akisema, mtoto anakaa chini anasikiliza. Ninakuomba usimame hapo, Erasmo, hata kama mimi siku ile sikukusikiliza. Jumapili ukishuka mjini mpigie mpwa wako. Kwako atapokea, najua. Usimwambie anisamehe, hilo mwachie mwenyewe, atalifikia au hatalifikia. Wala usimwambie mama yake analia, maana atakuja kwa huruma na mimi huruma siitaki.

Mwambie tu Jumamosi ya tarehe 23 asiende kwenye mazoezi ya asubuhi, aende Milola na mpira. Wasichana wa Masasi hawatakuwepo, Valerian hatakuwepo, hata mimi akitaka sitakuwepo, nitabaki kibandani. Atakuwepo bibi yake, na bibi haoni mbali.

Mwambie Jumamosi iliyopita mama yake alikunja turubai. Nilibeba korosho zote, debe kwa debe, nikazipeleka kushoto, pale alipokuwa anachezea. Kuna kivuli, najua. Zitachukua siku saba kukauka badala ya tatu, najua. Kwa hiyo nimekatakata na yale matawi mawili ya chini ili jua lipite kidogo. Halafu nikafagia kulia kote, nikaokota na mawe. Ukisimama pale chini ya ringi sasa, kulia ni kweupe mpaka kwenye uzio wa jirani.

Mimi sijui mpira. Sijui kama wiki moja inatosha kumtoa mtu kwenye kitu alichokanyaga miaka kumi na mbili. Bakary angesema haitoshi, na pengine tarehe 30 atakaa benchi, na Masasi watachukua kombe lao na kuimba korosho zao mpaka Nachingwea. Waimbe. Lakini sitaki mwanangu akae kwenye benchi lile akidhani upande huo bado ni wangu.

Nisalimie sana Veronika, mwambie kitenge alichotuma kimenikaa vizuri, nakivaa Jumapili tu. Nisalimie watoto, kila mmoja kwa jina lake. Huku Mama anakusalimia, na Antonia wa getini anakusalimia ingawa hakujui, anasema mtu aliyemfundisha yule mtoto kushoto vile ni fundi. Mungu akulinde na misumeno na baridi, na Mama Bikira Maria akufunike wewe na nyumba yako.

Mimi dada yako nikupendaye, na leo nimekusikia,

Rosalia

Nimesahau. Mama amekasirika kwa ajili ya korosho. Anauliza zikioza kivulini atamlaumu nani. Nikamwambia anilaumu mimi. Halafu akaniuliza, "Na huyo mtoto anakuja lini?" Tangu siku hiyo, ameniambia jirani kwa simu, kila asubuhi kabla ya kwenda kisimani anachukua ufagio, anafagia kulia.